Gladiola ya mlimani kwenye bustani kavu: haifi kwa kiu, inakufa kwa maji yetu

Mleta uzi (Kisongo, Arusha)

Wadau wa bustani, salaam. Kila mtu wa Arusha au Moshi anapouliza ni ua gani la asili linaloweza kukaa kwenye kiwanja kikavu, jibu analopewa ni kaktasi na mishubiri. Sina ugomvi na mshubiri. Lakini kuna ua moja la nyasi za milimani ambalo nimeishi nalo kwa misimu sita hapa Kisongo, mahali ambapo upepo wa Agosti hupeleka vumbi hadi ndani ya kabati la vyombo, na naona limesingiziwa kwamba haliwezi ukame. Ni gladiola yetu ya asili, ile yenye maua ya rangi ya chungwa na koo la manjano, ambayo wataalamu wa mimea huiita Gladiolus dalenii.

Nianze na kilichoko chini ya ardhi, kwa sababu ndicho kinachoamua mengine yote. Watu wengi hukiita kitunguu. Ukikata kitunguu utakuta tabaka juu ya tabaka. Ukikata hiki utakuta nyama ngumu isiyo na tabaka lolote, kama gimbi, na kwa hakika kimeumbwa kama gimbi: ni shina lililovimba, likajaa wanga, likavikwa maganda makavu ya kahawia. Ila kiazi hiki hujitengeneza upya kila msimu. Kile ulichopanda mwezi wa tatu hunyonywa hadi kikabaki kama kifungo cha koti kilichosinyaa, na juu yake hukaa kipya, kikiwa kimezungukwa na vitoto vidogo vinavyolingana na punje za choroko. Kwa kuwa kipya hukaa mgongoni mwa cha zamani, kingekuwa kinapanda mwaka hadi mwaka mpaka kitokeze juani, kama mmea usingekuwa na mizizi ya pekee inayojikunja na kukivuta kirudi chini. Nilipochimbua shina moja katika mwaka wangu wa tatu niliiona: mizizi miwili mitatu, minene kuliko mingine, yenye mikunjo kama shingo ya kobe.

Mmea wa namna hiyo umeumbwa kulala. Mvua zikikatika, majani yake, ambayo husimama kama sime (na jina lenyewe kwa Kilatini maana yake ni upanga mdogo), hukauka yote, na kwa miezi kadhaa hakuna kinachoonekana juu ya ardhi. Mwenye nyumba asiyejua hudhani ua limekufa, akalihurumia kwa ndoo ya maji kila jioni, na hapo ndipo kifo chenyewe kinapoanza. Kiazi kilicholala hakina majani ya kuvuta maji, kwa hiyo maji hukizunguka na kukaa, ukungu wa Fusarium ukaingia, na siku ukikichimbua unakuta kimekuwa cha kahawia, chepesi, kama kizibo cha chupa. Mwaka wangu wa kwanza nilipoteza viazi 17 kati ya 23 kwa huruma hiyo, nami nikawa nalaumu jua la Kisongo.

Udongo wangu ni ule mweusi wa mbuga, unaonata kwenye viatu wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Sipandi ndani yake moja kwa moja. Ninainua tuta la sentimita 30, nikichanganya sehemu mbili za udongo na sehemu moja ya mchanga mweusi wa volkano, ule wa chengachenga ambao mafundi wa matofali wanaufahamu, pamoja na samadi kidogo iliyoiva kabisa. Samadi mbichi huozesha kiazi. Kiazi kinakaa kwenye kina cha sentimita 12 hadi 15, shubiri moja kutoka kwa mwenzake. Wanaopanda kwa kina cha kidole kimoja hupata mmea unaolazwa na upepo wa kwanza, na kiazi kinachopikwa na joto la juu ya ardhi.

Kuhusu wakati, mtego wetu sisi wa kaskazini ni vuli. Mtu wa Njombe au Songea ana msimu mmoja mrefu wa mvua, na gladiola yake huamka mara moja na kulala mara moja. Kwetu, kiazi kilichoachwa ardhini kinaweza kudanganywa na mvua za Novemba, kikachipua, halafu Januari na Februari zikakikuta na majani machanga huku kiazi kipya hakijajaa. Ndiyo maana ninachimbua viazi Agosti, majani yakishakauka, na kuvirudisha ardhini wiki ya mwisho ya Februari vikiwa vikavu, bila kumwagia hata tone, nikisubiri masika. Kwa muda wote huo hukaa kwenye kikapu chenye majivu makavu, kimening'inizwa stoo. Mwaka mmoja niliviweka kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko nikidhani nimeviepusha na panya, na mwezi wa pili nilifungua harufu tupu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Msimu wa pili viazi vilichipua vyema, lakini ncha za majani zilianza kukauka, kwanza kama urefu wa ukucha, kisha kama urefu wa kidole. Hazikuwa zimenyauka. Zilikuwa na rangi ya pembe ya ndovu, na kati ya sehemu iliyokufa na ile ya kijani kulikuwa na mstari mwembamba wa kahawia, umekatika sawasawa kana kwamba mtu amepima kwa rula. Nilikuwa nikimwagilia kwa maji ya kisima kirefu. Sote tunajua maji ya kuzunguka Mlima Meru yana nini: miamba ya volkano hutoa floridi nyingi, madini yale yanayotia meno rangi ya kahawia, na meno ya watu wa pande za Maji ya Chai na Ngare Nanyuki yamekuwa yakitoa ushahidi tangu zamani. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, kwa sababu kwa baadhi ya maeneo kiwango cha chini kisingefikika. Maji yangu yalipopimwa yalizidi 3.

Gladiola ni miongoni mwa mimea inayodhurika upesi kabisa na floridi. Katika nchi za viwanda, wataalamu wamekuwa wakiipanda kando ya viwanda vya alumini na vya mbolea kwa makusudi, ili ncha zake zikiungua wajue moshi umevuka mpaka. Sisi tumeipanda kando ya bomba la kisima tukashangaa inaungua.

Tangu hapo namwagilia kwa maji ya mvua peke yake, na wala hayahitajiki mengi. Tuta langu lina mita mbili za mraba. Mvua ikikosekana wiki nzima wakati mmea una majani, ninalimwagilia lita 20. Wiki nane za namna hiyo ni lita 160, ambazo pipa moja la lita 200 linazimeza. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja, kwa hiyo bati la mita 40 za mraba hujaza pipa hilo kwa mvua moja ya milimita sita, hata ukiondoa inayopotea. Maua yalitoka mwishoni mwa Mei, na kila asubuhi chozi alikuwa anatua kwenye ua la chini kabisa na kupanda ua moja baada ya jingine, akitoka na chavua ya njano kwenye paji la uso.

Mdau wa Pasua, Moshi

Shikamoo mzee, na ahsante kwa uzi. Mimi ninayo hamu ya ile nyekundu. Kaka yangu ni mpagazi wa njia ya Marangu ya kupanda Kilimanjaro, na ananieleza kwamba wakishatoka kwenye msitu, kati ya vituo vya Mandara na Horombo, kuna gladiola nyekundu iliyoinamisha kichwa kando ya njia, na wageni husimama kuipiga picha hadi msafara unachelewa. Anasema anaweza kuniletea vitunguu viwili kwenye mfuko wa koti. Je, naweza kuvipanda kwa utaratibu huu huu wa tuta na maji ya mvua?

Mleta uzi (Kisongo, Arusha)

Marahaba kijana. Mwambie kaka yako aviache vilipo, kwa sababu mbili, na ya pili ndiyo itakayokuuma zaidi.

Ya kwanza ni sheria. Ile ni hifadhi ya taifa tangu 1973, na kung'oa mmea ndani yake ni kosa. Mpagazi akikutwa navyo getini, kazi yake imekwisha kwa ajili ya ua.

Ya pili ni kwamba vitakufa. Ile nyekundu ni Gladiolus watsonioides, ambayo ni ya milima yetu mirefu: Kilimanjaro, Meru, Mlima Kenya. Mandara iko mita 2,720 na Horombo mita 3,720. Pasua ni mita 800 na kitu. Kila ukipanda mita 100 joto hupungua kwa takriban nyuzi 0.6, kwa hiyo kati ya uwanja wako na Horombo kuna tofauti ya nyuzi 17 hivi. Ile imezoea ukungu wa mchana na baridi ya usiku inayogandisha maji, na hakuna tuta wala pipa litakaloweza kukuletea usiku wa Horombo hapo Pasua. Hii ya chungwa ni ndugu yake, lakini ni ndugu aliyetembea: utaikuta kuanzia Afrika Kusini hadi Ethiopia, na magharibi pia, kwenye nyasi na mapori ya miinuko ya kila namna. Tafuta mbegu zake kwenye shamba la mtu, kando ya mawe au kwenye kingo za barabara za juu, ukiomba ruhusa. Vidonge vyake vikianza kupasuka utaona mbegu bapa zenye utando kama bawa. Chukua nyingi utakavyo, kiazi kiache. Kutoka mbegu hadi ua ni misimu miwili au mitatu.

Mama wa Sanya Juu

Mimi nimeisoma hesabu ya maji nikatabasamu, kwa sababu kwangu maji hayakupata hata nafasi ya kuviua. Nilipanda viazi 30 kwenye ukingo wa shamba la mahindi. Vikachipua vyote, vikafika magotini. Asubuhi moja nikaona jani moja limelala. Nikalivuta likaja lenyewe, halina kitu chini. Kesho yake likalala la pili, la jirani yake, halafu la tatu, kwa mpangilio, kama mtu anayekusanya madeni nyumba kwa nyumba. Alikuwa fuko. Alichimba njia moja chini ya mstari wangu wote, akavichukua vyote akaniachia majani, na shimoni alikuwa amejiwekea akiba ya viazi saba, vizima, safi kuliko nilivyovihifadhi mimi.

Baada ya hapo nimetumia madumu ya mafuta ya kupikia ya lita 20. Nayakata juu, natoboa matundu mengi chini kwa msumari wa moto, naweka kokoto, nayafukia ardhini hadi shingoni na kuacha ukingo wa vidole vitatu juu ya udongo. Kila dumu linachukua viazi vitano. Fuko hugonga plastiki akageuka. Kuna wanaosema wavu wa kuku unatosha. Nami niliujaribu, lakini ule wa bei nafuu huliwa na kutu ndani ya misimu miwili, na fuko anakuwa na subira kuliko wavu.

Faida nyingine ya dumu ni kwamba wakati wa kuchimbua hupotezi vitoto. Unamimina dumu lote kwenye turubai na kuvichambua kama dengu.

Mwalimu mstaafu (Usa River)

Nimefurahishwa na uzi huu, lakini naomba mleta uzi aniruhusu kusema kwamba kwenye suala la floridi ameruka hatua. Maji ya visima virefu vya upande wa Kisongo hayana floridi peke yake. Yana chumvi nyingine pia, na chumvi huunguza ncha za majani ya mimea mingi. Upepo mkavu huunguza ncha. Hata ukosefu wa maji wenyewe huunguza ncha. Mtu aliyebadilisha kutoka maji ya kisima kwenda maji ya mvua amebadilisha mambo mengi kwa wakati mmoja, kisha akachagua moja na kulitwika lawama. Sisemi kwamba floridi haina madhara kwa gladiola. Hilo limeandikwa sana na silipingi. Ninachouliza ni kama ndiyo iliyounguza za kwako.

Mleta uzi (Kisongo, Arusha)

Mwalimu, swali lako ni la haki, na nilijiuliza mwenyewe msimu wa nne. Nilichukua ndoo mbili za ukubwa mmoja, nikajaza mchanganyiko uleule, nikapanda viazi sita kila moja na kuziweka bega kwa bega kwenye ukuta wa mashariki, ili zipate jua na upepo uleule. Ndoo ya kwanza ilipata maji ya kisima, ya pili maji ya bati, kwa kopo lilelile na siku zilezile. Kufikia jani la nne, ndoo ya kisima ilikuwa na ncha zilizokufa kwenye mimea yote sita, na ndoo ya mvua ilikuwa na mmoja tu, nao jeraha lake lilikuwa la kuku. Kwa hiyo upepo, jua na kiu naweza kuvitoa mashitakani.

Chumvi inabaki, nakubali. Nina ushahidi wa pembeni tu. Maji hayohayo ya kisima nimeyamwagia maharage kwa miaka yote hii, na maharage hayavumilii chumvi hata kidogo. Yangekuwa ya kwanza kulalamika. Yamestawi. Wala udongo wa kwenye ndoo haukuota ule ukoko mweupe ambao wenye mashamba ya magadi wanaujua. Lakini ushahidi wa pembeni ni wa pembeni.

Fundi maji (Tengeru)

Naomba kuongeza yaliyo kwenye kazi yangu. Watu huwa wananiuliza kama wanaweza kuyasafisha maji ya kisima kwa ajili ya bustani kwa njia ya mkaa wa mifupa, ile inayotumika kwa maji ya kunywa na ambayo kituo cha Ngurdoto kimeifanyia kazi kwa muda mrefu. Inawezekana, lakini haina maana. Mkaa ule hujaa floridi na kuhitaji kubadilishwa, na lita zinazopita kwenye chujio la nyumbani ni za kunywa na kupikia; ukizimwaga kwenye maua utalichosha chujio kabla familia haijanufaika. Kuchemsha ndiko kubaya zaidi, kwa kuwa maji hupungua na floridi hubaki, hivyo unayazidishia makali. Pipa chini ya bati ndilo jibu, na mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite, kwa sababu inaosha vumbi na kinyesi cha ndege.

Jambo la pili halijatajwa, nalo ni mbolea. Mbolea za fosfeti hutengenezwa kutoka kwenye mwamba wa fosfeti, na mwamba huo kwa asili yake una floridi ndani; wa kwetu wa Minjingu haujaepuka. Kwa mahindi si neno. Kwa gladiola, mtu anaweza kuhangaika na maji ya mvua msimu mzima huku mkono mwingine ukimwaga floridi kwa kijiko shimoni. Kama udongo wako una tindikali, kama ule wa juu kwenye vihamba (mashamba ya migomba ya Wachaga), chokaa ya kilimo husaidia, kwa sababu kalisi iliyomo ndani yake huikamata floridi na kuizuia isipande kwenye mmea.

Mleta uzi (Kisongo, Arusha)

Fundi, umenipa jibu la kitu kilichonitatiza. Msimu wa tatu, nikiwa tayari natumia maji ya mvua, mstari mmoja uliendelea kuungua, nami nilikuwa nimeweka mbolea ya kupandia, ile ya fosfeti, kwenye mstari huo peke yake, iliyobaki kwenye mahindi. Nilidhani nimechanganya viazi.

Mdau wa Njiro

Samahani, mimi nina tatizo ambalo halifanani na hayo. Majani yangu hayaungui ncha. Yana vipele vya rangi ya chungwa, na ukivipangusa kwa kidole vinaacha unga. Vipele vyenyewe vimepangana kwa kukatisha jani, kutoka ukingo hadi ukingo, badala ya kufuata mishipa.

Mama wa Sanya Juu

Hiyo ni kutu, dada, na huko kukatisha jani ndiko kunakoitambulisha; hata jina lake la kitaalamu, Uromyces transversalis, limetokana na hilo. Ni ya kwetu, imetokea huku huku Afrika, na nchi za Ulaya na Amerika zimeiogopa kiasi cha kuzuia mizigo ya maua bandarini. Kata majani yaliyoathirika asubuhi kabla upepo haujaanza, yachome, usiyatupe kwenye mboji. Acha kumwagilia kwa kunyunyiza juu ya majani, mimina chini. Na usimgawie mtu viazi vyako mwaka huu.

Mdau wa Pasua, Moshi

Nimekubali kuhusu ile nyekundu, ingawa roho imeuma. Swali langu la mwisho: kwa nini nisinunue tu gladiola za duka la pembejeo, zile za pakiti yenye picha, ambazo zina rangi zote na maua makubwa kuliko haya ya porini?

Mleta uzi (Kisongo, Arusha)

Nunua kama unazipenda, hakuna atakayekulaumu. Ujue tu kwamba zile ni wajukuu wa hii. Gladiola kubwa za bustani zinatokana na machotara yaliyoanza kuuzwa mwaka 1841 huko Ghent, Ubelgiji, na mmoja wa wazazi wa machotara hayo ni hii hii ya chungwa, iliyochukuliwa kutoka kusini mwa Afrika. Walizikuza kwa ajili ya maua makubwa na bua lililojaa, na wakalipata hilo. Lakini bua zito linahitaji kijiti cha kuegemea, na maji mengi wakati wa kuchanua, na vithiripi, wale wadudu wadogo wafyonzaji, huvipenda vichipukizi vyake kuliko chochote kingine bustanini kwangu. Nilipanda 10 za pakiti kando ya zile za asili. Upepo wa Juni ulizilaza 8 siku moja. Za asili, ambazo ua lake ni dogo na lina kofia juu kama mtu aliyejifunika kanga kichwani, ziliyumba tu.

Na ukikata za kuweka mezani, ziwe za duka au za asili, weka maji ya mvua kwenye chombo. Floridi ya miligramu moja tu kwa lita inatosha kuunguza kingo za maua na kuzuia vichipukizi vya juu visifunguke, ndiyo maana watu wengi wa Arusha wanaamini kwamba gladiola za sokoni huwa zimechakaa.

Mwalimu mstaafu (Usa River)

Narudi kwenye ndoo, kwa sababu mimi nimefundisha sayansi miaka mingi na ndoo mbili zinaninyima usingizi. Ongeza ya tatu. Ndoo ya kwanza maji ya mvua, ya pili maji ya kisima, ya tatu maji ya mvua yaliyotiwa chumvi hadi yalingane na kisima kwa kipimo cha uchumvi, kile kifaa kidogo cha kuchovya ambacho hata wafugaji wa samaki wanacho. Ncha zikiungua kwenye ndoo ya pili na ya tatu sawasawa, mimi ndiye niliyekuwa na haki. Zikiungua ya pili peke yake, nitaandika hapa kwa herufi kubwa kwamba mleta uzi alisema kweli. Chumvi yenyewe iwe ya mawe isiyoongezwa chochote, maana zipo nchi ambako chumvi ya mezani hutiwa floridi. Naomba vitoto 18, sita kwa kila ndoo.

Mleta uzi (Kisongo, Arusha)

Mwalimu, vitoto 18 nimevihesabu usiku huu na kuviweka kwenye bahasha ya kaki, vyote vya shina moja, ili asiwepo wa kusema ukoo ulitofautiana. Ganda lao ni gumu kama la njugu. Viloweke saa 24 kabla ya kupanda, kwa maji ya mvua, tafadhali, zote tatu sawa. Vitatoa jani jembamba kama la kitunguu maji, na havitachanua msimu wa kwanza, lakini kwa swali letu jani linatosha. Panda kabla ya masika, kina cha vidole vitatu, na uandike tarehe ubavuni mwa ndoo kwa rangi isiyofutika. Mimi niliandika kwa chaki, na mvua ya pili ikaisoma yote.